Kondoo kazaa kabla ya siku zake, katoto kanapumua ila hakanyonyi, kuna kupona hapo?

Mfugaji Chipukizi

Wakuu habari za asubuhi, samahani naandika harakaharaka. Nina majike tisa na dume mmoja, nimeanza kufuga mwaka jana tu kwa hiyo nikiuliza vitu vya kitoto mnivumilie. Usiku wa kuamkia leo kama saa saba hivi jike mmoja kazaa mapacha, wa kwanza katoka ameshakufa, wa pili mzima ila ni kadogo mno, nimekaweka kwenye mzani wa jikoni kimesoma kilo 1.9. Mimi nilikuwa najua bado kabisa, maana siku dume alipompanda huyu jike niliandika kwenye kalenda, nikihesabu inakuja siku 138.

Sasa kenyewe kakoje. Kanapumua haraka haraka, masikio yamelala, hakasimami, miguu ya mbele ukikasimamisha inakunjika kwenye kifundo kama ya mpira. Manyoya mafupi yanateleza, hayana ile mikunjo. Nilijaribu maziwa kwa chupa saa kumi alfajiri yakawa yanamwagikia pembeni, kakakohoa kidogo nikaacha. Mama yake kiwele kidogo tu, maziwa yanatoka matone.

Mke wangu ana mimba ya miezi sita na ndo mwenye huruma kuliko mimi, tangu usiku kakakumbatia kwenye blanketi hataki hata nikaguse. Kondo la nyuma lilitoka lote nikalitupa shimo la taka.

Maswali yangu: kana nafasi kweli au nakatesa tu? Na nikikaingiza ndani mama yake si atakakataa?

SinaHaraka

Pole sana mkuu. Kabla ya yote umekapima joto? Weka kidole mdomoni, kama ndani ya mdomo ni pa baridi basi usimpe kitu chochote kwanza. Tafuta kipimajoto hata cha binadamu kile, ingiza nyuma taratibu, afu uje utuambie namba. Bila hiyo namba tutakuwa tunabahatisha wote.

Mchunga wa Zamani

Mimi nitasema ambacho wengine wataona ni roho mbaya. Kondoo wa kuzaliwa njiti ni wa kuacha. Nimechunga miaka mingi, hivyo vitoto unavilea siku mbili tatu usingizi huna, siku ya nne unakuta kimekauka, na hata kikipona kinabaki kibuyu. Kamua mama yake asipate ugonjwa wa kiwele, mpumzishe, atapata mimba nyingine. Ni hayo tu.

BibiKondoo

Mwanangu pole na usiku. Usimsikilize sana Mchunga ingawa hajasema uongo wote.

Nikwambie ninavyoangalia mimi. Kitu cha kwanza siyo udogo, udogo unadanganya. Kondoo akibeba watatu, au akishinda njaa mwezi wa mwisho, anazaa vitoto vidogo ambavyo siku zake zimetimia kabisa, hivyo vinasimama vyenyewe na kulilia chuchu. Njiti unamjua kwa mambo mengine. Fungua mdomo upapase fizi za chini, aliyetimia meno yametoka au yamevimba yanakaribia kutoboa, njiti fizi ni laini tupu. Halafu manyoya hayo uliyoyasema ya kulala kama mahameli, kichwa cha duara, kwato laini, na vifundo vilivyolegea. Huyo wako ni njiti kweli.

Kondoo anabeba siku 147 hivi, mwingine 142 mwingine 152 na wote sawa. Wangu waliozaliwa siku ya 140 na kuendelea wengi wamepona bila makelele mengi. Kati ya 135 na 140 ni kazi ya usiku na mchana na mara nyingine unashindwa. Chini ya 135 mimi sijawahi kuokoa hata mmoja, wanapumua saa moja, saa mbili, wanachoka, basi.

Na kalenda yako usiiamini asilimia mia. Jike akipandwa asishike mimba anarudi tena kwenye joto baada ya siku kama 17, dume anampanda tena wewe umelala. Ila kwa wako hesabu inakaa vizuri, kwa sababu kama ingekuwa mimba ya duru ya pili katoto kangekuwa na siku 121, na wa siku 121 hafiki asubuhi. Huyu kafika. Kwa hiyo mimi nasema nafasi anayo, siyo kubwa, lakini anayo, na itaamuliwa leo hii siyo wiki ijayo.

Kuhusu mama kumkataa, weka katoni ndani ya zizi lake mama amwone na amnuse. Ukilazimika kumwingiza ndani mrudishe dakika chache kila baada ya kunyweshwa. Kondoo anashika harufu ya mtoto ndani ya masaa ya mwanzo, ukimtoa siku nzima ndo anamsahau.

Halafu nisisahau, kitovu umekitia iodini? Kichovye chote mpaka kwenye ngozi, siyo kupaka ncha.

Mfugaji Chipukizi

Bibi shikamoo, asante sana. Meno hakuna, fizi laini kabisa. Kitovu sikutia, natia sasa hivi. Nimepima joto 36.3, nimerudia mara mbili. Mke wangu anasema tukiwashie taa ya joto tukaweke karibu karibu. Tufanye hivyo?

BibiKondoo

Marahaba. Subiri subiri, usiwashe bado! Mimi nilishaua hivyo. Katoto kalikuwa ka baridi hivyohivyo, kana masaa nane tangu kazaliwe, nikakaweka chini ya taa nikiona nakasaidia. Nusu saa kakaanza kurusha kichwa nyuma, miguu imenyooka, kakalia kidogo kakafa. Nililia siku hiyo. Kuna mtaalamu humu huwa anaeleza vizuri kwa nini, aje haraka.

Dokta wa Zizi

Nimefika. Ndugu Chipukizi kuna mambo mawili na la kwanza siyo la kondoo.

Mke wako mjamzito amuweke chini huyo mwanakondoo sasa hivi, aoge kwa sabuni, abadilishe nguo, na hizo nguo na blanketi azifue mtu mwingine. Asirudi zizini mpaka msimu wa kuzaa uishe. Nashangaa wote mmesoma hiyo sentensi mkaipita. Kondoo kuzaa kabla ya siku na mmoja kutoka mfu, mpaka ithibitishwe vingine ichukulie ni ugonjwa wa kutupa mimba. Kuna klamidia ya kondoo, kuna toksoplazma, listeria, brusela na wengine, na hao kadhaa wanamwingia binadamu kupitia majimaji ya uzazi, kondo la nyuma na mtoto mbichi. Kwa mama mjamzito wanaweza kutoa mimba na kumuumiza yeye mwenyewe vibaya. Leo hii aende kwa daktari wake aseme wazi "nimeshika mwanakondoo aliyezaliwa njiti", asisubiri homa. Inaweza isiwe kitu, mapacha peke yake yanaweza kuja mapema, lakini hilo huwezi kulijua kwa macho.

Wewe vaa glavu. Lile kondo la nyuma kama bado lipo kwenye shimo lichukue na glavu, weka kwenye mfuko wa plastiki mara mbili, pamoja na yule mfu, peleka kwa daktari wa mifugo wakapime.

La pili, katoto. Bibi yuko sahihi na sababu ni hii. Mwanakondoo anazaliwa na mafuta maalumu mwilini ya kuchoma ili apate joto, yanamtosha masaa kama matano, njiti anayo machache zaidi. Wako ana masaa tisa na hajala. Akiba imekwisha na sukari ya damu imekwisha. Ukimpasha moto sasa mwili unaamka, ubongo unadai sukari, haipo, anapata kifafa. Angekuwa chini ya masaa matano ungemkausha na kumpasha moja kwa moja bila shida. Kwa huyu ni sukari kwanza, joto baadaye, maziwa mwisho.

Sukari ni sindano ya glukosi ya asilimia 20 ndani ya tumbo, ya vuguvugu kama damu, mililita 10 kwa kila kilo, kwa hiyo wako ni 19. Ukiwa na ya asilimia 40 changanya nusu kwa nusu na maji yaliyochemshwa. Mtu anamshika kwa miguu ya mbele ananing'inia, sindano safi inaingia kama sentimita mbili chini ya kitovu na mbili pembeni, ncha ikielekea mkiani. Kama hujawahi usijifunzie kwa huyu, mwite mtu wa mifugo aliye karibu, ni kazi ya dakika moja. Ukikosa mtu kabisa paka glukosi kwenye fizi kidogo kidogo huku unampasha polepole sana, haifikii sindano hata robo ila siyo sawa na kukaa bure.

Baada ya sindano mweke kwenye katoni yenye nyasi kavu nyingi, chupa za plastiki za maji ya moto zilizofungwa taulo pande mbili. Taa kama unatumia iwe juu mita moja na zaidi. Pima kila nusu saa. Akifika 38 punguza, wa kawaida ni 39 mpaka 40, ukizidisha unamchemsha. Na alale kifudifudi, kifua chini kichwa juu kama kondoo mzima anavyolala, siyo ubavu, umkingie kwa taulo asianguke. Akilala ubavu pafu la chini linasinyaa na huyu mapafu ndo udhaifu wake mkubwa.

Maziwa hayaingii chini ya joto 37 na hayaingii kama hawezi kuinua kichwa. Tumbo la baridi halisagi, na anayelegea hamezi, yanakwenda mapafuni. Hicho kikohozi cha saa kumi alfajiri kinanitia wasiwasi, tutarudi kwake.

Mfugaji Chipukizi

Dokta umenitisha lakini asante, mke wangu ameshaoga na shemeji anampeleka hospitali. Kondo la nyuma mbwa wamefukua, limeliwa. Mfu yupo nimemfunga kwenye mfuko. Kuna kijana wa mifugo jirani anakuja na glukosi.

SinaHaraka

Asee nilisoma habari ya mke nikapita kabisa. Aibu.

Mfugaji Chipukizi

Saa tisa alasiri. Jamaa amedunga saa tano na nusu. Saa sita joto 36.9, saa saba 37.8, sasa hivi 38.6. Kameinua kichwa!! Kamekojoa pia. Nikiweka kidole mdomoni kinavuta kidogo ila hakana nguvu. Nimekamua mama yake nikapata kama mililita 40 za yale maziwa mazito ya njano. Nakapaje? Jamaa wa mifugo ameniachia mpira mwembamba wa kupitisha maziwa mdomoni mpaka tumboni na sirinji kubwa ila naogopa.

Mchunga wa Zamani

Chupa. Mpira mnaua nao vitoto, nimeona kwa macho yangu maziwa yakitokea puani. Kikiwa na hamu ya kuishi kitanyonya.

BibiKondoo

Mchunga ndugu yangu, njiti hamu anayo, nguvu ya kufyonza ndo hana. Akifyonza mara tano anachoka na joto linashuka tena. Kwa chupa ndo alipaliwa leo alfajiri.

Mwanangu mpira ni hivi. Pima mpira kwa nje, toka ncha ya pua mpaka ubavu wa mwisho, tia alama ya kalamu. Kaa naye mapajani, lowesha ncha kwa maziwa, ingiza kwa pembeni mwa mdomo upande wa kushoto, taratibu, mwache aumeze mwenyewe. Utahisi anatafuna na kumeza, hiyo ni dalili nzuri. Akikohoa au akihangaika toa uanze upya. Ukifika alama shika koo kwa vidole, unatakiwa uhisi vitu viwili, koromeo lake gumu na mpira pembeni yake. Ukihisi kimoja tu toa. Halafu sirinji bila kisukumio, mimina, yashuke yenyewe kwa uzito, usisukume. Ukimaliza kunja mpira ndo uvute, la sivyo matone yanamwagikia kooni ukitoka. Mara ya kwanza mikono inatetemeka, mara ya tatu utakuwa unaongea na simu huku unafanya.

Dokta wa Zizi

Hapo Bibi hakuacha kitu. Mchunga, maziwa uliyoyaona puani aliyaingiza mtu kwenye mnyama wa baridi aliyelala, siyo kosa la mpira.

Kuhusu kiasi. Hayo mazito ya njano ndo dang'a na saa zinakimbia. Kondoo hampi mtoto kinga akiwa tumboni kama binadamu, kinga yote inakuja kwenye dang'a, na utumbo wa mtoto unaipitisha vizuri masaa sita ya mwanzo, kisha mlango unafungwa polepole mpaka kufikia masaa 24. Wako ana 14 sasa. Lengo la siku ya kwanza ni kama mililita 200 kwa kilo, kwa hiyo kwake ni 380. Mwanakondoo wa kawaida ungempa 50 kwa kilo kwa mkupuo, njiti usimjaze hivyo, tumbo likivimba linasukuma mapafu. Mpe 30 mpaka 35 kila masaa mawili, usiku pia. Weka kengele ya simu.

Mama yake hatafikisha hiyo 380. Kama una jike mwingine aliyezaa jana au juzi kamua kwake. Dang'a ya mbuzi inafaa, ya ng'ombe pia inafaa ila ni nyepesi kidogo kwa hiyo ongeza kama theluthi, na kama inawezekana ichanganywe ya ng'ombe zaidi ya mmoja, maana kuna ng'ombe ambao dang'a yao inamfanya mwanakondoo aishiwe damu baada ya wiki mbili hivi. Iliyogandishwa iyeyushe kwenye bakuli la maji ya vuguvugu, ukichemsha umeua kinga yenyewe. Na uendelee kumkamua mama kila mara hata kama yanatoka matone, kiwele kinajazwa na kukamuliwa.

SinaHaraka

Dokta swali la pembeni, hivi kwa nini siku kumi tu zinabadilisha mambo kiasi hiki? Siku 130 anakufa, 140 anapona, mtoto ni yuleyule.

Dokta wa Zizi

Swali zuri na nina dakika kumi za chai. Mapafu yana vijifuko vidogo vya hewa na kwa ndani vinapakwa ute fulani wa mafuta. Ute ule usipokuwepo, kila mnyama akitoa pumzi vijifuko vinagandamana kama mfuko wa nailoni uliolowa, pumzi inayofuata lazima avifungue upya kwa nguvu. Anachoka kama mtu anayepuliza puto jipya kila sekunde. Ute huo unatengenezwa kwa wingi siku za mwisho kabisa, na kinachouamsha ni homoni ya mtoto mwenyewe inayopanda kabla ya kuzaliwa, ileile inayoanzisha uchungu kwa kondoo. Ndo maana siku chache zinaleta tofauti yote.

Na tuliyajua haya kupitia kondoo. New Zealand kulikuwa na daktari, Graham Liggins, alikuwa anatafuta nini kinaanzisha uchungu, akawa anawapa wanakondoo wakiwa bado tumboni mwa mama zao dawa za aina hiyo ya homoni. Mwaka 1969 akaandika kwamba wanakondoo waliozaliwa mapema mno, ambao walitakiwa wawe wamekufa, alikuta wanapumua. Mwaka 1972 yeye na mwenzake Ross Howie wakachapisha majaribio kwa akina mama, na mpaka leo mama anayekaribia kujifungua njiti anachomwa sindano ya aina hiyo ili mapafu ya mtoto yakomae. Sisi pia tunaitumia, jike mgonjwa ambaye lazima azae mapema tunampa deksamethasoni mimba ikiwa imepita siku 135 hivi, anazaa ndani ya siku mbili hivi na watoto wanakuja na mapafu afadhali. Ila inatakiwa ipewe kabla, na tarehe uwe nayo ya uhakika. Kwa aliyekwisha kuzaliwa kama huyu imepita.

Kijana wa Mbuzi

Si kuna wale watafiti wa Philadelphia kule Marekani waliweka wanakondoo njiti kwenye mfuko wa maji kama tumbo bandia, 2017 ile? Walikaa mpaka wiki nne mle. Chipukizi tafuta mfuko 😂

Mfugaji Chipukizi

😂😂 Nina mfuko wa chakula cha kuku tu. Mpira umeingia, mililita 30 zimeshuka, nimetoka jasho kama nimelima. Nawasha kengele.

Mfugaji Chipukizi

Siku ya tatu leo. Sijalala ila katoto kako hai na tangu jana usiku kananyonya chupa kenyewe, mpira natumia mara moja moja tu kakichoka. Kamesimama sekunde kadhaa, vifundo bado vinagusa chini. Mke wangu daktari wake amechukua vipimo vya damu na kampa dawa, yuko sawa, anakaangalia dirishani. Tatizo ni kwamba tangu asubuhi kanapumua kwa kukoroma na joto ni 40.9, nilifurahi nikidhani kamepata joto zuri.

Dokta wa Zizi

Hapana, hiyo ni homa. Ndiyo yale maziwa ya alfajiri ya kwanza niliyoyaogopa, yameshuka mapafuni. Leo aonwe, aanze antibaiotiki kwa uzito wake halisi siyo kwa kukadiria, na jamaa asikilize kifua. Endelea kunywesha kidogokidogo na usimwache alale ubavu mmoja muda mrefu. Vifundo usiwe na haraka navyo, vingi vinakaza ndani ya wiki akianza kutembea sehemu isiyoteleza. Vikizidi kugusa chini tunafunga kijiti chepesi chenye pamba, siku mbili tatu, na kufungua kila siku usije ukakata damu.

Mchunga wa Zamani

Mimi nilisema siku ya nne. Sisemi kingine.

Mfugaji Chipukizi

Siku ya nane. Mchunga pole, kako hai 😄 Homa ilishuka siku ya tano, kanakimbia kwa kuyumba kama mlevi, kilo 2.6. Mama yake kamkubali, anakanyonyesha mchana, usiku namuongezea. Ila nimekuja na mengine. Jana jike wa pili kazaa mmoja, mfu, siku kama 130. Safari hii nilivaa glavu, nikachukua kondo la nyuma na mtoto nikapeleka. Kondo lenyewe lilikuwa nene kama ngozi, lina rangi ya udongo mwekundu.

Dokta wa Zizi

Maelezo hayo yanaelekea klamidia, tusubiri maabara. Sasa hivi tenga hao wawili na wale wengine wenye mimba, nyasi zilizolowa choma, mbwa wafungwe.

Mfugaji Chipukizi

Majibu yametoka, ni klamidia ya kondoo. Nimebakiwa na majike watano wenye mimba. Hao wawili niwauze?

Dokta wa Zizi

Usiwauze, utampelekea mwingine balaa. Na hao ndo majike wako salama kuanzia sasa, aliyetupa mimba kwa klamidia kwa kawaida hatupi tena. Watengwe mpaka uchafu wa nyuma ukauke kabisa, wiki tatu hivi. Hao watano, daktari wako anaweza kuwachoma antibaiotiki ya oksitetrasaiklini, ile ya kudumu muda mrefu, miligramu 20 kwa kilo, haitaponya wote ila inapunguza wanaotupa. Msimu ujao uliza habari ya chanjo mapema, ile iliyo hai inatolewa kabla dume hajaingia, siyo jike akiwa na mimba.

Na usimpachike mwanakondoo jike wa kukuza kwa hao mama wawili, anaweza kubeba ugonjwa kimyakimya. Hapo nina swali ambalo nilikuwa naliahirisha makusudi mpaka mtoto aonekane amepona. Njiti wako ni dume au jike?

Mfugaji Chipukizi

Jike.

Dokta wa Zizi

Basi huyo usimpandishe. Wanaozaliwa kwa mama wa namna hiyo wakapona wanaweza kukaa na vijidudu mwilini bila dalili yoyote, akishika mimba ya kwanza ndo vinaamka anatupa, na akitupa anawamwagia wengine wote. Mlee, anenepe, lakini hesabu ya kundi la kuzalisha asiingie.

BibiKondoo

Nilikuwa najua anaelekea huko. Pole mwanangu. Mimi mmoja wa hivyo nilimweka tu, hakuzaa, alikuwa ndo anayeongoza wenzake kurudi zizini jioni.

Mfugaji Chipukizi

Sawa dokta nimeelewa. Bibi nitafanya kama wako. Sijui namwambiaje mke wangu maana ameshampa jina, na alishaanza kuhesabu watoto wake.